Kutembezwa Mji Mkongwe na mwanamke mwenyeji: tathmini ya msafiri wa kike aliye peke yake

Huduma ninayoitathmini hapa ni matembezi ya miguu ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, yanayoongozwa na mwanamke mzaliwa wa Malindi, mtaa wa humohumo mjini, mwenye leseni ya kutembeza wageni, kwa bei ya shilingi 60,000 kwa Mtanzania mmoja, kuanzia saa tatu asubuhi hadi baada ya adhuhuri. Niliitumia nikiwa peke yangu, mtu wa bara ambaye sikuwa nimewahi kukanyaga Unguja, na ninaipa alama ya juu kwa sababu moja inayozidi nyingine zote: kesho yake niliweza kuuzunguka mji ule mwenyewe, bila woga na bila kuuliza njia kila kona. Naamini hicho ndicho kipimo ambacho mwanamke anayesafiri peke yake anapaswa kukitumia anapochagua wa kumtembeza. Waongozaji hodari wa kusimulia historia wako wengi, na wanaojua kumkinga mgeni na usumbufu pia wako, lakini mgeni aliyekingwa kwa saa nne kisha akaachwa mlangoni mwa hoteli akiwa hajui pa kugeukia hajapata thamani ya fedha yake.

Mwongozaji huyu ameniomba nisimtaje jina wala nisiweke namba yake ya simu, kwa kuwa anafanya kazi peke yake na anapata wateja kupitia nyumba za wageni na watu aliokwisha kuwatembeza, kwa hiyo nitamwita dada mwongozaji. Ni mtu wa makamo, huvaa buibui, na kitambulisho chake cha Kamisheni ya Utalii ya Zanzibar hukivaa shingoni mahali panapoonekana. Kitambulisho hicho kina uzito kuliko mtu anavyoweza kudhani. Anayeshuka boti ya kutoka Dar es Salaam, baada ya safari ya saa mbili hivi, hupokewa nje ya geti la bandari na papasi, yaani wale vijana wanaojitolea kumbebea mzigo, kumtafutia hoteli na kumpeleka mashambani kuona viungo, yote kwa wakati mmoja. Wengi wao wanahangaikia riziki na hawana nia mbaya, lakini mwanamke asiye na mwenzake huandamwa zaidi, na neno lake la kukataa huchukuliwa kama mwanzo wa mapatano. Dada mwongozaji alinifuata palepale getini, akanishika mkono, akasema mara moja tu, "Huyu mgeni wangu," nao wakatupisha huku wakimsalimia kwa heshima. Hakuwafokea wala kuwadharau, na baadaye aliniambia kwamba baadhi yao ni watoto wa majirani zake, kwamba ukimjibu kijana kwa salamu na "ahsante, nimeshafika" bila kupunguza mwendo, atakuacha mapema kuliko ukimnunia. Nililijaribu jibu hilo nikiwa peke yangu, na nikaona ni kweli.

Kabla ya kunionyesha jengo lolote alinisimamisha kwenye kivuli akanieleza umbo la mji. Mji Mkongwe umekaa juu ya rasi iliyochongoka kuelekea magharibi, pande mbili zake ni bahari, na upande wa tatu, wa mashariki, ni barabara pana ya Benjamin Mkapa, ambayo watu wazima bado huiita Creek Road kwa sababu zamani hapo palikuwa na mkono wa bahari uliotenganisha mji na Ng'ambo kabla ya kufukiwa. Akaniambia kwamba nikipotea nisigeukegeuke, nishike uchochoro mmoja niufuate hadi mwisho, kwani nitatokea baharini au nitatokea Darajani, kwenye soko lililo kando ya barabara hiyo, na kutoka mojawapo ya sehemu hizo mtoto yeyote atanielekeza. Maelezo hayo yalichukua dakika chache tu, nami nayahesabu kuwa ndiyo sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote katika matembezi yale. Ramani ya simu haisaidii sana humo ndani, kwa kuwa majumba ya mawe ya matumbawe yamekaribiana kiasi kwamba simu haijui umesimama upande gani wa ukuta, na mwanamke anayesimama katikati ya uchochoro akiwa ameinamia simu anajitangaza kwamba hajui aendako.

Jambo la pili alilonifundisha lilihusu baraza. Majumba ya Mji Mkongwe yana viti virefu vya mawe vilivyojengwa ukutani nje ya mlango, na wazee huketi hapo kutwa nzima wakinywa kahawa, wakicheza bao au dhumna na kujadili siasa. Kwa mgeni wa kike, kupita mbele ya safu ya wanaume waliokaa kimya wakimtazama ni mtihani, na wengi wetu huinamisha kichwa na kuharakisha hatua. Tulipofika kwenye njia panda maarufu ya Jaws Corner, pale Sokomuhogo, dada mwongozaji alipunguza mwendo badala ya kuuongeza, akatoa salamu ya dini, akasubiri ijibiwe, kisha akanigeukia nami nikasema shikamooni. "Marahaba mwanangu," walijibu kwa pamoja, na mmoja akauliza natoka wapi. "Katokea bara huyu, kaja kututembelea," akasema dada. "Karibu, hapa kwenu," akajibu mzee, akamwambia muuza kahawa anipe kikombe na kipande cha kashata. Tulikaa hapo muda wa kumaliza kikombe kimoja cha kahawa chungu, hakuna zaidi. Kesho yake nilipokatiza hapo peke yangu nikiwa natafuta njia ya kwenda Mkunazini, mzee yuleyule alinitambua kabla sijasalimia, akaniuliza mwenyeji wangu yuko wapi, kisha akaniambia nishike mkono wa kulia nikifika kwenye duka la vitambaa. Kwa maneno mengine, dada mwongozaji alinitambulisha kwa mtaa, na utambulisho ule uliendelea kufanya kazi hata yeye alipokuwa kwake amepumzika. Huduma ya aina hiyo haiwezi kutolewa na mtu aliyehamia mjini juzi, hata awe amesoma vitabu vyote.

Upande wa historia, anasimulia kwa namna ambayo sikuitarajia. Orodha ya masultani aliipitia haraka, lakini wanawake wa mji huo aliwapa nafasi ya kutosha. Tulipokuwa upande wa baharini, mbele ya kasri la zamani la masultani, alinieleza habari za Salme binti Said, binti wa Sultani aliyezaliwa mwaka 1844, akajifundisha kuandika kwa siri katika zama ambazo wasichana wa nyumba ile walifundishwa kusoma tu, akaondoka Unguja mwaka 1866 na kumalizia maisha yake Ujerumani akijulikana kama Emily Ruete. Habari za Siti binti Saad alinipa tukiwa tunatembea: mtoto wa kijiji cha Fumba aliyebeba vyungu kichwani kuvileta kuuza mjini, sauti yake ya kunadi vyungu ikawa ndiyo mtaji wake, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo za taarabu kwa Kiswahili. Bi Kidude, mwimbaji mwingine wa taarabu aliyefariki Aprili 2013, dada alimwona kwa macho yake mara nyingi, na alinieleza jinsi bibi yule alivyokuwa akitembea mitaa hiyohiyo peke yake, sigara mkononi, akisalimiana na kila mtu. Kwa mwanamke anayejiuliza kama ana haki ya kutembea peke yake mjini, masimulizi hayo yana maana tofauti na habari za nani alimpindua nani.

Jumba la Maajabu, yaani Beit el Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, tulilitazama kwa nje tu. Sehemu yake kubwa ya mbele pamoja na mnara wa saa iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 wakati wa ukarabati, na watu wawili walipoteza maisha. Dada alisimama hapo kimya kidogo kabla ya kuanza kueleza, kwani kwake jumba lile ni sehemu ya utoto wake.

Kwenye kanisa la Anglikana la Mkunazini, lililojengwa juu ya lililokuwa soko la watumwa baada ya soko hilo kufungwa mwaka 1873, nilimpenda kwa uaminifu wake. Aliniteremsha katika vyumba viwili vya chini ya ardhi, vyenye dari la chini kiasi kwamba nililazimika kuinama, vyenye minyororo na matundu membamba ya hewa, akanieleza kile ambacho wageni wote huelezwa, kwamba watu walifungiwa humo kabla ya kupigwa mnada. Kisha akaongeza kwamba wapo wanahistoria wasiokubaliana na maelezo hayo, wanaosema vyumba vile ni vya baada ya soko kufungwa na vilikuwa vya hospitali ya wamisionari. Hakunilazimisha kuchagua upande. Alisema biashara yenyewe haina ubishi, kwamba maelfu ya watu kutoka bara, pengine kutoka kwa mababu zangu, walipita katika ardhi ile, na kwamba sanamu za watu watano waliosimama shimoni nje ya kanisa wakiwa na minyororo shingoni zinatosha kumfanya mtu anyamaze. Ndani ya kanisa alinionyesha nguzo zilizosimikwa kichwa chini na mafundi, pamoja na msalaba wa mbao zinazosemekana kutoka kwenye mti ambao moyo wa mmisionari David Livingstone ulizikwa chini yake. Mwongozaji anayethubutu kumwambia mgeni kwamba jambo fulani lina ubishi, hata kama ndilo linaloingiza fedha, anastahili kuaminiwa katika mengine.

Sehemu niliyoifurahia kuliko zote haimo katika kitabu chochote cha utalii. Katika mtaa wa Kiponda alipiga hodi kwenye mlango mmoja wa kuchonga, ule wa aina ya Kiarabu wenye kizingiti kilichonyooka, na tulipokuwa tunasubiri kuitikiwa alikichukua kidole changu akakipitisha kwenye mnyororo uliochongwa kuzunguka fremu, kisha kwenye mawimbi yaliyo chini yake na samaki waliolala kwenye msingi. Ndani alikuwa bibi wa makamo ya juu anayeshona kofia za viua. Nilimwamkia, akaitikia, akanikaribisha mkekani karibu yake, na kwa muda wa kutosha nilimwangalia akitoboa kitambaa cheupe kwa sindano na kuuzungushia uzi kila kitundu hadi kikawa mviringo kamili, kimoja baada ya kingine, akifuata ua ambalo halikuwa limechorwa popote ila kichwani mwake. Aliniambia kofia moja nzuri humchukua miezi, kwani huishona baada ya kazi za nyumba. Hakuna aliyeniambia ninunue. Mwongozaji wa kiume, hata awe mwema namna gani, asingeweza kunifikisha kwenye mkeka ule, kwa kuwa yeye mwenyewe angeishia barazani, na hii ni faida ambayo msafiri wa kike anaipata kwa sababu tu ni mwanamke. Tumezoea kuorodhesha hatari za kusafiri peke yetu, na milango inayotufungukia sisi pekee huwa hatuihesabu.

Darajani, sokoni, tulipita kwa kasi kwa sababu jua lilikuwa limekwisha kupanda na upande wa samaki palikuwa pameteleza. Dada alinionyesha jinsi ya kununua karafuu na iliki kwa vipimo vya wenyeji badala ya pakiti zilizofungwa kwa ajili ya watalii, nami nikalipa bei ambayo isingenishangaza hata nyumbani. Tulimalizia kwa urojo kwenye kibaraza cha mama mmoja anayeuza nyumbani kwake: bakuli la mchuzi mzito wa rangi ya manjano wenye ukali wa embe na ndimu, ndani yake mbatata, bajia, kachori, vipande vya mishikaki, chatne ya nazi juu na chipsi za muhogo zilizovunjwavunjwa. Tuliketi ndani ukumbini na wanawake wengine wawili waliokuwa wanatoka sokoni, na nilikula bila mtu yeyote kuniuliza kwa nini niko peke yangu, swali ambalo mwanamke anayeingia mkahawani bila mwenzake hulisubiri hata kabla ya kuletewa maji. Kuhusu Forodhani, ambako jioni huwashwa taa na kuuzwa vyakula vya baharini kwa wageni, ushauri wake ulikuwa mfupi: uliza bei kabla ya kunyoosha kidole, chagua mshikaki unaochomwa mbele yako badala ya uliokwisha kuiva na kurudishwa motoni, na kunywa juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu kwa sababu hiyo haina hasara.

Yapo mambo yanayohitaji kurekebishwa, na nimemwambia mwenyewe kabla ya kuyaandika. Muda wa kuanza si mzuri. Saa tatu asubuhi jua la Unguja tayari lina nguvu, na ilipofika saa sita nilikuwa nasikiliza kwa nusu ya akili yangu. Kuanza saa moja na nusu kungetupa vichochoro vyenye kivuli na soko likiwa katika ubora wake. Bei haikuandikwa popote, tulipatana kwa simu tu, na ingawa hakuongeza hata senti, msafiri asiyemfahamu angependa kupata ujumbe wa maandishi unaoeleza bei, muda na iwapo viingilio vimo ndani yake. Kwangu havikuwamo. Tuliingia pia kwenye duka moja la viungo ambako hulipwa kamisheni mgeni akinunua. Alinieleza waziwazi kabla hatujaingia, na sikununua kitu, lakini ningependa kituo hicho kiwe cha hiari. Mwisho, habari za Mapinduzi ya Januari 1964 alizigusa kwa sentensi chache akahama, na nilipouliza zaidi alisema kila nyumba ina masimulizi yake na kwamba yeye si wa kuyasema barabarani. Ninaelewa sababu yake na ninaiheshimu, ila anayekuja kwa ajili ya historia ya siasa atafute mazungumzo hayo kwingine.

Kuhusu mavazi na usiku, ambayo ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi na wenzangu tangu niliporudi, aliyoniambia yamenifaa bila kunitisha. Mabega na magoti yafunikwe, na mtandio mwepesi uwe kwenye mkoba kwa ajili ya kujifunika pale inapobidi. Kanga mbili zinatosha kwa kazi zote hizo, na mwanamke wa bara hahitaji kuvaa buibui ili kuheshimiwa. Baada ya magharibi, njia ya kutoka Forodhani kuelekea mtaa wa Shangani ina taa na watu, wakati vichochoro vya ndani hutulia mapema maduka yanapofungwa, kwa hiyo ni afadhali kuzunguka kwa barabara kubwa hata kama ni mbali zaidi, au kumwomba mwenye nyumba ya wageni aite teksi anayoifahamu. Alinitembeza njia hiyo ya jioni mchana kweupe, akinionyesha duka gani huchelewa kufunga na mlinzi wa jengo gani huwa macho, akanitambulisha kwa mmoja wao. Hakusema neno "usiende" hata mara moja. Alisema pa kupita, na tofauti hiyo ni kubwa kwa mtu ambaye maisha yake yote amekuwa akiambiwa asiende.

Sitaipendekeza huduma hii kwa kila mtu. Anayetaka picha za milango mingi kwa muda mfupi ataona kwamba salamu zinamchelewesha, na kikundi cha watu wengi hakiwezi kuingia katika sebule ya mshona kofia bila kuigeuza kuwa maonyesho, jambo ambalo dada mwenyewe hulikataa. Kwa anayesafiri peke yake, hasa anayekuja kwa mara ya kwanza, njia nzuri ya kumpata mwongozaji wa namna hii ni kuuliza kwenye nyumba ya wageni inayoendeshwa na wenyeji, na kusema wazi kwamba unataka mwanamke aliyezaliwa mjini. Ukishampata, omba kuona kitambulisho cha Kamisheni, patana bei kwa maandishi, muulize kama atapita nawe njia utakayoitumia jioni ukiwa peke yako, na kama mnaweza kuanza kabla ya saa mbili. Panga matembezi hayo kwa siku yako ya kwanza, usiyaweke mwishoni kama wengi wanavyofanya, ili siku zinazobaki uzitumie kwa miguu yako mwenyewe.